Kichwa cha Uzi

Katika duka la nyuzi, lililobanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa, palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kofia mia moja tisini na tisa za watoto wachanga. Zilifumwa na kinamama wa Kikundi cha Upendo kwa ajili ya wodi ya wazazi. Wachanga wenyewe walikuwa hawajaziona. Miezi saba ilikuwa imepita tangu ile ya kwanza ifumwe, na waliozaliwa wakati ule sasa walikaa wenyewe na kutafuna kila walichokishika. Lakini kikao kiliamua kofia zitolewe kwa mpigo, mbele ya mgeni rasmi, na bango lilikuwa limeshachapwa: KOFIA 200 ZA UPENDO.

Ilibaki moja tu, na hiyo moja ilikuwa ya Mama Fumua.

Jina hilo alibandikwa palepale dukani. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye mikono mikubwa iliyozoea mwiko. Baada ya kustaafu alimwomba Mungu ampe kazi ya kufanya, na kesho yake akaona tangazo la kikundi mlangoni mwa duka. Aliona amejibiwa. Hakujua kwamba jibu lenyewe lingemtoa jasho kiasi kile.

Kikundi kilikuwa na sheria moja kubwa: hakuna kofia iliyoingia kabatini kabla ya kuvishwa Kichwa. Kichwa kilikuwa donge la uzi wa rangi ya chungwa, lililokaa juu ya meza ya kuuzia kama mtu wa heshima. Mwenye duka ndiye aliyelizungusha mwanzoni kabisa, nesi alipokuja na kuwaandikia vipimo. Kofia ikikibana Kichwa vizuri, Mwenyekiti alipiga makofi. Ikilegea, alitamka neno moja.

"Fumua."

Na Mama Fumua alifumua. Mwezi wa kwanza kofia yake ililegea kidogo. Akafumua, akaanza upya na mishono michache kuliko mwanzo. Mwezi wa pili ikalegea tena. Wa tatu, vilevile. Wenzake walimaliza kofia ya ishirini, yeye alikuwa bado anaisaka ya kwanza.

"Shoga, wewe unafuma kofia au unafuma chandarua?" aliuliza Katibu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiopumzika.

"Mwacheni," alisema Mwenyekiti, kwa upole ule unaochoma zaidi ya tusi. "Kila mtu na karama yake. Ya kwake ni uvumilivu."

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala yake ilikuwa ndefu. Alimkumbusha Mungu tarehe ya kuanzishwa kwa kikundi, cheo cha mgeni rasmi, na jina la kampuni iliyochapa bango. Alipofika "Amina", mguu wa Katibu ulikuwa umekufa ganzi.

"Mama Fumua, tuletee tuone."

Alitoa kofia yake ya njano mkobani. Mwenyekiti aliichukua kwa vidole viwili, akaivisha Kichwa, akaivuta huku na huku. Kofia ilikaa. Ilibana pande zote, haikucheza.

"Jamani!" Katibu aliruka. "Imemkaa!"

Duka zima lilipiga vigelegele. Mama Fumua alifuta machozi kwa ncha ya kanga, naye Mwenyekiti akaiweka kofia ya mia mbili kabatini, akafunga, akauvaa ufunguo shingoni kama kidani.

Kabla vigelegele havijaisha, simu ya Mama Fumua ililia. Alikuwa binti yake, akipiga kutoka hospitali, sauti imemwisha.

"Mama, nimejifungua."

"Umejifungua! Mimba ya miezi saba?"

"Mtoto wa kiume. Njiti. Mzima, lakini mdogo, mama, mdogo sana. Wamesema asipoteze joto, hasa kichwani. Wamemfunika kitambaa, kinateleza. Wanataka kofia ya sufu, ndogo kabisa. Huko kwenye kikundi chenu hamna?"

Mama Fumua alitazama kabati. Kofia mia mbili zilimtazama.

"Ipo, mwanangu. Nakuja."

Akamgeukia Mwenyekiti, akaeleza. Wote walisikitika kwa dhati. Mmoja alimshika bega, mwingine akamletea kiti.

"Basi naomba ile yangu," alisema.

Mwenyekiti alishika ufunguo. "Dada yangu, ile si yako tena. Imeshaingia kwenye hesabu."

"Nitafuma nyingine."

"Kwa miezi saba?" alisema Katibu, kisha akatamani angeumeza ulimi wake.

"Bango linasema mia mbili," Mwenyekiti aliendelea. "Mgeni rasmi akihesabu akakuta mia moja tisini na tisa, tutaonekana waongo mbele ya watu. Ni kesho tu. Saa nne asubuhi mjukuu wako atavishwa kama wengine, tena na picha atapigwa."

"Mwenyekiti, mtoto anasikia baridi leo."

"Tutamwombea. Tusimame."

Wakasimama. Sala ikaanza upya, na kwa jinsi ilivyoanza mbali, ilionekana wazi kwamba kumfikia mtoto kungechukua muda. Mama Fumua hakufumba macho. Alisali moyoni, akiwa amekamata mkoba: Bwana, kofia moja tu. Hakuongeza neno, maana hakuwa na nafasi.

Mwenye duka, mzee asiyependa maneno, naye hakuwa amefumba macho. Alikichukua Kichwa mezani, akakitumbukiza katika mkoba wa Mama Fumua.

"Hiki si kofia," alinong'ona. "Hakimo kwenye hesabu. Nenda."

Hospitalini, nesi wa zamu alimruhusu amtazame mjukuu wake kupitia kioo. Alikuwa na ngozi nyembamba na uso uliokunjamana kama wa mzee aliyekasirishwa na habari. Nesi alimpima kichwa kwa kipande cha bendeji, akamletea Mama Fumua pale kwenye benchi la ukumbini.

"Fuma kwa kipimo hiki, mama."

Mama Fumua alikitoa Kichwa na kukizungushia bendeji. Ncha zilikutana barabara. Akashangaa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kinalinganaje na cha njiti? Lakini hakuwa na muda wa mshangao. Alitafuta ncha ya uzi, akaanza.

Hapo ndipo miezi saba ya kufumua ilipomlipa. Katika kikundi kizima hakuna mwanamke aliyewahi kuanza kofia mara nyingi kama yeye. Vidole vilijua njia vyenyewe. Kichwa kilizunguka kwenye benchi, kikapungua, mpaka uzi ukaacha kuonekana na badala yake yakatokea magazeti. Mwenye duka, mtu wa kubana matumizi, alikuwa amekunja makaratasi kwanza ndipo akazungusha uzi juu yake. Katikati ya magazeti palikuwa na karatasi ya daftari yenye mwandiko wa nesi: *Mzingo wa kichwa, sentimita 35.*

Mama Fumua aliinyoosha bendeji kwenye utepe wake wa kupimia. Ilifika ishirini na saba.

Alicheka mpaka mlinzi akamsogelea. Akakumbuka kwamba kila kofia kabatini ilikuwa na kamstari ka rangi ya chungwa, hapa kwenye ukingo, pale kwenye kishungi. Kila mwanamke aliyepungukiwa uzi mwishoni alikata kidogo kutoka kwenye Kichwa, akiamini ni yeye peke yake. Kichwa kilikuwa kikisinyaa, naye mpishi mstaafu akikikimbiza kwa miezi saba na kuitwa Mama Fumua.

Kabla ya jua kuzama mjukuu alikuwa amevaa kofia ya rangi ya chungwa, na ilimkaa.

Kesho yake saa nne, mbele ya duka, walileta mtoto mnene wa wiki mbili kwa ajili ya picha. Mgeni rasmi alitabasamu, akachukua kofia ya juu kabisa, akamvisha. Kofia ilikaa utosini kama kifuniko kwenye sufuria kubwa. Akaivuta. Ikaruka. Akachukua nyingine. Mtoto akaanza kulia, mpiga picha akashusha kamera.

"Kichwa kiko wapi?" Mwenyekiti alifoka. "Tuvishe Kichwa, mgeni aone!"

"Kiko wodini," alisema Mama Fumua. "Kimevaliwa." Akampa ile karatasi.

Mwenyekiti aliisoma. Akatazama kabati, akatazama ule mstari wa chungwa kwenye kofia yake mwenyewe ya hamsini na tatu. Kinamama wote ghafla walikuwa na kitu cha kutafuta mikobani. Karatasi ikakunjwa mara nne, ikazama kifuani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Mwenyekiti alitangaza kwa sauti ya juu, "kikundi chetu, kwa kuona mbali, kimewalenga watoto njiti!"

Watu wakapiga makofi. Nesi wa zamu, aliyekuja na Mama Fumua, hakungoja hotuba. Alikagua kabati, akajaza kofia hamsini ndogo kabisa kwenye mfuko wa plastiki.

"Hizi naondoka nazo sasa hivi. Njiti wa kuvaa mia mbili sina, Mungu aepushe. Hizi nyingine, ukitoa chache za mwanzo, hazimfai mtu. Zifumueni, mfume za thelathini na tano."

Macho yote, ya Katibu yakiwa ya kwanza, yakamgeukia mwanamke mmoja.

"Shoga," Katibu alisema kwa unyenyekevu mpya kabisa, "hivi kufumua, mtu anaanzia wapi?"

Mama Fumua alikuwa ameshatundika mkoba begani.

"Nitawafundisha Jumatatu," alisema. "Leo wameniruhusu nimshike."