Wapangaji Wapya

Msimamizi wa nyumba alikuja alasiri, akamkuta Fundi amepiga magoti anakunja pindo la sketi ya mteja, pini zimejaa mdomoni. Alikuwa kijana mtanashati, mpwa wa mwenye nyumba, ananukia marashi, na adabu yake ilikuwa imezidi kipimo. Kwanza alimwamkia mama yake Fundi, bibi kipofu aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamuuliza habari za miguu. Ndipo akamgeukia Fundi na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itapanda. Akataja kiasi. Kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha siku zote.

"Si mimi, dada yangu," akasema. "Ni soko. Soko limepanda."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Asante," akasema.

Msimamizi akaenda zake, na mteja naye akaenda zake. Fundi akabaki palepale sakafuni, anajiuliza kimemsibu nini.

"Mama, hivi nimemshukuru kwa lipi?"

"Hata mimi najiuliza," mama akajibu. "Nilidhani ametuletea kitu. Na hilo soko lililopanda ni lipi? La mboga au la samaki?"

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa nyumba moja iliyokatwa katikati kwa ukuta, kila upande una sebule mbele, chumba nyuma, na jiko ambalo wakiingia wawili lazima mmoja atoke kinyumenyume. Sebuleni ndiko Fundi alikoshonea, cherehani yake ameiweka mlangoni ipate mwanga. Mama yake alipoteza macho wakiwa wanaishi humohumo, kwa hiyo nyumba alikuwa nayo mikononi. Aliamka peke yake, akapapasa ukuta wa kulia mpaka jikoni, akawasha gesi, akachemsha chai, akamimina bila kumwaga tone. Wageni waliokuja mara ya kwanza hawakujua kama haoni mpaka waambiwe.

Waswahili wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Lakini Fundi alilipindua neno hilo huku na huku asijue kama ndilo linalomhusu. Mtu anayekufukuza, atakushikaje mkono na kukuuliza miguu ya mama yako?

Akampigia simu kaka yake, anayeishi mbali. Kaka akasema, "Hama. Nyumba zimejaa tele." Fimbo ya mbali haiui nyoka. Akamuuliza fundi viatu wa kona. Huyu akasema, "Usihame na usilipe. Kaa kimya, atachoka." Akamuuliza mteja wake mmoja, mwalimu. Mwalimu akasema alipe kwanza, kisha alalamike. Kila ushauri ulikuwa mzuri pale ulipotolewa, ila akifika nao nyumbani unapigana na mwenzake.

Akajaribu kupandisha bei ya kushona. Mteja wa kwanza akacheka, wa pili akanuna, wa tatu akasimulia shida zake za nyumbani kwa uchungu hata Fundi akamshonea kwa bei ya chini kuliko ya mwanzo, na kitambaa cha bitana akampa bure.

Basi akamtafuta dalali. Dalali yule alikuwa na miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Akawachukua, yeye na mama yake, kwenda kuona chumba upande wa pili wa mji, "hewa safi, watu wastaarabu." Kodi ilikuwa nafuu kweli, ila mwenye chumba alitaka miezi kadhaa ilipwe mbele, na dalali naye alitaka chake. Wakati wao wanabishana, mama alikuwa ameingia ndani peke yake. Fundi alipomfuata alimkuta amesimama katikati ya chumba kitupu, mikono ameinyoosha mbele, anageuka taratibu.

"Mwanangu," akasema mama kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, "mlango umeenda wapi?"

Fundi akamshika mkono, wakarudi nyumbani. Kuhama hawezi, kubaki hawezi. Alikuwa kama nguo iliyokatwa vibaya: ukivuta huku inapwaya, ukivuta kule inabana.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Msusi, mwanamke wa makamo anayesuka watu sebuleni kwake kama Fundi anavyoshona kwake. Wawili hawa walikuwa hawasemezani. Chanzo kilikuwa shuka jekundu la Msusi, lililochuja rangi kwenye kamba ya kuanikia likaharibu gauni jeupe la mteja wa Fundi. Siku hiyo walitupiana maneno yaliyosikika mpaka barabarani, na tangu hapo wakikutana bombani kila mmoja hutazama ndoo yake.

Siku moja Fundi alitoka kwenda kununua uzi, akarudi mapema kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Akasikia vicheko ndani kwake. Akaingia. Mama alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, na nyuma yake, kitana mkononi, alikuwa Msusi.

Fundi akasimama mlangoni kama mgeni. Siku zote nywele za mama yake zilikuwa nadhifu, mistari imenyooka, naye alikuwa akiwaambia watu kwa fahari kwamba mama hujisuka mwenyewe kwa kupapasa.

"Tangu lini?" akauliza, asijue anamuuliza nani.

"Tangu mlipogombana," akasema mama. "Nyinyi mligombana. Mimi sikugombana na mtu. Kaa chini."

Akakaa. Msusi hakuinua macho, akaendelea kusuka. Kumbe naye alikuwa ameshaambiwa habari za soko, kwa kiasi kilekile, na kushikwa mkono kulekule.

"Na wewe ulisemaje?" Fundi akamuuliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya shuka.

"Nilimwambia karibu tena," akasema Msusi. "Mpaka leo najilaumu."

Fundi akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akanyamaza.

Mama ndiye aliyelitoa neno. Mizigo miwili imewashinda, akasema, kila mmoja na wake. Kwa nini wasiache mmoja chini wakabeba mmoja pamoja? Msusi ahamie huku, kodi wagawane. Itakuwa kubwa, lakini nusu yake haitafika hata ile ya zamani.

"Mama, tutaumizana," akasema Fundi.

"Mtaumizana mkiwa ndani. Heri kuliko kuumia nje."

"Akili ni nywele," akasema Msusi akifunga fundo la mwisho, "na za mama nimezishika mimi. Nakubali."

Fundi naye akasikia kinywa chake kikikubali. Moyo uliachwa nyuma, ukawa unauliza tumekubali nini.

Msusi akahamia mwisho wa mwezi, na vurugu ikaanza. Viti vyake, kioo chake kikubwa, makopo yake ya mafuta, mafurushi ya nywele za bandia. Sebule iligawanywa, huku cherehani, huku kioo, katikati njia ya kupita mtu kwa ubavu. Mteja aliyekuja kuchukua blauzi alikosea kiti akaanza kufumuliwa nywele. Mwingine alirudisha gauni lake akilalamika kwamba kuna rasta imeshonewa kwenye kola. Mama, ambaye mikono yake haikuwahi kumdanganya, akapaka mkate mafuta ya nywele, akautafuna, akasema siagi ya siku hizi ina marashi.

Wakagombana. Waligombana juu ya sufuria, juu ya dirisha, juu ya nani amemaliza gesi. Lakini Fundi hakuielewa hasira yake. Asubuhi aliamka ameapa kwamba leo atamwambia Msusi arudi alikotoka. Mchana wangekuwa wanacheka mpaka mteja anauliza kuna nini. Na jioni Msusi akichelewa kurudi kutoka kumsuka bibi harusi, Fundi angejikuta anachungulia dirishani, halafu anajifanya anatafuta mkasi.

"Umepoteza nini?" mama angeuliza.

"Sijui," Fundi angejibu, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Upande wa pili wa ukuta ukakaa mtupu. Msimamizi akaleta watu, wakaona, wakasikia bei, wakaenda zao bila kurudi. Baadaye asubuhi moja Msusi alikutana na yule dalali barabarani. Dalali hakumjua. Akamshika mkono, "Dada, nina nyumba moja, ukiikosa hii utajuta." Msusi akamfuata ili ajue tu. Dalali akampitisha kichochoro hiki na kile, akasifia mtaa, akasifia maji, akamfikisha mbele ya mlango wake mwenyewe wa zamani.

"Kodi kiasi gani?" akauliza Msusi, amejikaza asicheke.

Dalali akataja. Ilikuwa ile ya zamani, na nyongeza kidogo isiyoumiza.

Msusi aliingia kwa Fundi mbio, akasimulia amesimama. Fundi akamsimulisha mara ya pili, kisha ya tatu, kwa sababu kila mara mwisho ulikuwa unamponyoka. Soko lilikuwa limepanda upande huu wa ukuta, na upande ule limeshuka?

Wakampigia simu Msimamizi, akaja, marashi yaleyale. Hakukana.

"Yule atakayekuja ni mpya," akaeleza kwa upole. "Mpya lazima avutwe. Nyinyi mshakuwemo, hamhitaji kuvutwa."

"Yaani tunaadhibiwa kwa kukaa?" Fundi akauliza.

"Si adhabu, dada yangu. Ni utaratibu."

"Basi sisi ni wapya," akasema Msusi. "Tunaitaka nyumba ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Lakini nyinyi si wapya!"

"Mimi na huyu na mama, kwa pamoja, tumewahi kuishi nyumba ile? Hatujawahi. Au tuondoke wote leo, ubaki na kuta?"

Waondoke waende wapi? Nusura Fundi aseme hapana, hatuwezi kuondoka, lakini mama akakohoa kigodani, kikohozi kikubwa cha kumziba mtu mdomo. Msimamizi akawatazama mmoja mmoja, jasho limemtoka, akatoa simu akampigia mjomba wake. Wote wakaisikia sauti ya mzee ikiunguruma.

"Neno langu silirudishi nyuma," mzee akasema. "Kodi ya upande huo nimeshaitangaza, haishuki. Ya upande ule nimeshaitangaza, haipandi. Wakiitaka ya huko, wahamie huko. Mimi kinanihusu nini?"

"Lakini mjomba, huku kutabaki kutupu vilevile."

"Si kuna dalali?"

Simu ikakatika. Msimamizi akaitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu akashindwa kuhesabu. "Nadhani amekubali," akasema.

"Tuseme amekubali," akasema Msusi.

Wakahama siku hiyohiyo, hatua chache tu, kutoka mlango huu kuingia mlango ule. Majirani wakatoka kutazama cherehani ikibebwa mpaka barazani, ikigeuzwa, ikiingizwa ndani tena. Fundi viatu wa kona akauliza kama ni mazoezi.

Ndani ndiko walikogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata Msusi aliyeishi humo. Nyumba ile ilijengwa kama pacha aliyegeuziwa uso. Jiko lililokuwa kulia sasa liko kushoto, mlango wa chumba umehama ukuta, swichi ya taa iko nyuma ya kichwa. Fundi aliingia jikoni akajikuta chumbani. Mama alinyoosha mkono wa kulia kutafuta ukuta, akakuta hewa. Fundi aliona ule uso wa siku ya chumba kitupu ukirudi, akaruka kumshika, lakini Msusi alikuwa ameshafika.

"Kila kitu kipo, mama," akamwambia. "Kimegeuka tu. Tumia kushoto."

"Kushoto," akasema mama. Akapapasa. Akakosa, akapapasa tena, akagusa mlango wa jiko. Akasimama hapo kitambo amekunja uso, kisha akaanza upya kutoka kigodani. Siku nzima alikwenda na kurudi, akijigonga, akimlaani aliyejenga nyumba hiyo na ukoo wake, akikataa kushikwa mkono. Chai ya kwanza aliyopika huko iliishia nusu kikombeni, nusu sakafuni. Waliinywa hiyo nusu, wote watatu, wakaisifu.

Asubuhi Fundi aliweka cherehani mlangoni. Jua lilikuwa linampiga upande asiouzoea, mpaka akakosea kushona mara mbili. Mteja mmoja wa siku nyingi akapita mbele yake, akaenda kugonga mlango wa zamani, akagonga tena, ndipo akamwona.

"Fundi! Umehama?"

"Nimehama," akasema Fundi. Akafikiri. "Hapana, nipo palepale. Ni kwamba... sisi ni wapya."

"Wewe na nani?"

Ndani Msusi alikuwa anabishana na mama juu ya mahali pa kuweka chumvi, na kila mmoja alionekana ana haki. Fundi akageuka akawasikiliza kidogo.

"Na watu wangu," akasema mwisho. "Lete kitambaa. Shingo unaitaka pana au ya kubana?"