Chini ya Sakafu ya Molekuli

Jokofu la kompyuta ya kwanta lilikuwa na baridi ya kumfanya hata shetani aombe koti. Mtunzaji wake alikuwa fundi mmoja mropokaji, mdogo wa mume wa mkemia, na mchana huo alikuwa anacheza chumba kizima.

"Shemeji! Tumevunja rekodi! Nishati yetu iko chini kuliko jibu lenyewe!"

Mkemia hakucheza. Mkurugenzi alikuwa njiani kuja kuamua: mashine ibaki kwa mkemia, au ihamie kwa watu wa hali ya hewa. Ili ibaki, ilipaswa kukokotoa kwa usahihi nishati ya molekuli ndogo, lithiamu iliyoshikana na haidrojeni, ambayo jibu lake kompyuta za kawaida zilishalitoa.

"Molekuli ina sakafu, shemeji, nishati yake ya chini kabisa. Ukikosea kidogo unaelea juu yake, lakini huwezi kuzama. Wewe umechimba shimo."

"Bosi atajuaje?"

"Mimi nitajua. Hebu nyamaza nifikiri."

Kila kipimo kilitoka kama mstari wa sifuri na moja, na kila tarakimu ya moja ilikuwa elektroni iliyokaa mahali pake. Akaanza kuzihesabu. Molekuli ile ina elektroni nne. Mistari mingi ilikuwa na tano.

"Kelele za mashine, makosa yake madogo madogo, zimetuingizia mgeni," akasema. "Tumepima molekuli nyingine kabisa, tukaishangilia."

"Na viuno vyote vile nimekata bure!"

"Bure kabisa. Tupa kila mstari usio na elektroni nne kamili."

Mkurugenzi aliingia namba ya nishati ikiwa inapanda.

"Inaharibika!" fundi akanong'ona.

"Iache."

Namba ikapanda, ikaivuka sakafu kutoka chini, ikapunguza mwendo, kisha ikatulia juu yake kwa upana wa unywele. Mkemia akasisimka mwili mzima. Vipande vya chuma vilivyoganda ndani ya pipa vilikuwa vimekubaliana na kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona.

"Shemeji," fundi akauliza taratibu, "imejuaje?"

"Inafuata sheria zilezile zinazofuatwa na elektroni. Imejiuliza yenyewe."

Mkurugenzi aliikodolea macho skrini, mkono mdomoni.

"Mashine haitoki hapa," akasema hatimaye. "Sasa ipeni molekuli ambayo hakuna anayejua jibu lake."