Asife Kibudu

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipopita kijiji cha Mitwero haukubisha hodi. Wiki moja tu, kuku ishirini na sita wa Mboni, pamoja na jogoo wao mwekundu, walikufa vibudu wakatupwa shimoni. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, aliyompa siku alipoolewa. Mboni akamgeukia mumewe, maana hasira lazima impate mtu.

"Mwanamume mzima, visu vimejaa ndani! Hata mmoja usimwahi ukamchinja?"

Dadi akachukua jembe akaenda shambani. Alikuwa mtu wa mikorosho, mambo ya kuku hakuyajua wala hakuyataka. Lakini neno lile lilimkaa.

Akabaki tetea mmoja, kishingo asiye na manyoya shingoni, anayeatamia mayai tisa ndani ya kapu jikoni. Mayai ya yule jogoo. Wakitoka hata watatu, banda litarudi. Wasipotoka, mbegu ya mama imekwisha, na hakuna soko inakouzwa. Mboni alihesabu siku ishirini na moja za kuatamia kwa kuchora mkaa ukutani.

Siku ya kumi na nane, mama yake mdogo akafariki huko Mtanda. Mboni akaenda kulala matangani, akamwachia Dadi maji, mtama na agizo moja: "Mwangalie kuku wangu."

Dadi akamwangalia, jamani, akamwangalia mno.

Siku ya ishirini na moja matanga yalianuliwa, Mboni akarudi mbio. Alifika uani ametega masikio asikie vifaranga. Alichokipata ni harufu ya mchuzi wa nazi. Dadi ametandika mkeka, anatabasamu kama bwana harusi.

"Pole na msiba, mke wangu. Kaa ule. Huyu nimemwahi."

"Nani?"

"Kishingo wako. Jana asubuhi nimemkuta kashuka kwenye mayai, kajikunyata, manyoya kayatimua, kanya likinyesi linanuka balaa. Nikajua mdondo umerudi. Bismillahi, nikapitisha kisu. Hakufa kibudu huyu!"

Kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku, akatimua manyoya, akatoa haja ya kutwa nzima. Kila mwanamke wa Mitwero analijua hilo. Mboni hakuwahi kumwambia mumewe. Alichomwambia ni lile neno moja tu, la kuwahi kuchinja.

Akaingia jikoni. Mayai yalikuwa ya baridi. Aliyainua moja moja akayaweka sikioni. La saba lilikuwa na tundu, na tunduni ncha ya mdomo wa kifaranga imechungulia, imekauka. Sisimizi walikuwa wameshaipata.

Alitaka kupiga kelele, akakosa wa kumpigia. Akayafunga yote tisa kwenye upindo wa kanga, akayabana tumboni, akaketi pale pale kwenye majivu, huku akijua fika kwamba hakuna kitu.

"Mboni!" Dadi aliita kutoka uani, sauti bado ina furaha. "Njoo basi, mama. Paja nimekuwekea wewe."