Kikombe cha Papa Hugues

Papa Hugues alikuwa hodari wa kudharau. Wengine Mungu amewapa sauti ya kuimba, wengine mikono ya kujenga. Yeye alipewa mdomo wa kubetua, na hakumnyima mtu. Alidharau mapadri vijana, walimu wa siku hizi na madaktari wanaoongea polepole, lakini zaidi ya wote aliidharau timu ya taifa ya tenisi, ambayo hakuwahi kuiona ikicheza. Kila Jumapili baada ya misa alishuka kwenye klabu ya tenisi ya mtaa wa Muhumba, akaketi barazani mbele ya uwanja wa udongo mwekundu, akawafundisha watu mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Jumapili hiyo watu walijaa. Kongo ilikuwa inacheza Kombe la Davis, kundi la Afrika, ugenini, dhidi ya kisiwa kimoja ambacho Papa Hugues alisema kuku anaweza kukizunguka chote na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Televisheni haikuonyesha. Kulikuwa na simu ya Fabiola, binti yake, iliyoleta hesabu tupu, pointi kwa pointi. Fabiola alisoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza kama watu wanaosikiliza matangazo ya vifo redioni.

Hakuwa anasoma kwa kupenda tenisi. Mchezaji mmoja wa timu, Hervé, kijana aliyejifunzia kwenye uwanja huu huu, alikuwa mchumba wake wa moyoni, na wa moyoni tu, kwa maana baba alikataa hata kuwapokea sebuleni watu wa Hervé waliokuja kuposa. Walibisha hodi zaidi ya mara moja, na kila mara waliambiwa mwenye nyumba amepumzika. Halafu siku moja, hapo hapo barazani, mbele ya wanachama, Papa Hugues akatoa sharti huku akicheka.

"Ule mutoto ashinde kwanza match moja ya Congo. Siku ile nitapokea watu yake mu salon yangu."

Watu waliyaweka maneno hayo, na Fabiola aliyaweka kuliko wote. Kwa hiyo mpira uliokuwa unapigwa huko kisiwani ulikuwa mpira wa ndoa yake, na kila aliyeketi pale alijua.

Mchezo wa kwanza, wa mmoja kwa mmoja, Kongo ikashindwa. Papa Hugues akang'aa. Akaeleza kwamba yule kijana wa Kinshasa anashika raketi kama mwiko wa bugali, na kwamba shirikisho zima halina mbele wala nyuma. Maman Sophie, mweka hazina wa klabu, mjane asiyemwogopa mtu, akamuuliza amemwona wapi huyo kijana akicheza. Papa Hugues akajibu kwamba mtu hahitaji kuonja mchuzi ili ajue umeungua.

Alikuwa katikati ya hotuba hiyo Ignace alipoingia. Ignace ni mwanachama kama wengine, mtu wa ofisini, lakini siku hiyo hakuja na raketi. Alivaa koti la suti kwenye jua lile, na alibeba kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kilichofunikwa kwa jani la mgomba, kimetoka kijijini Nyantende kwa ndugu zake asubuhi ile. Yeye ni baba mdogo wa Hervé. Akasimama mbele ya Papa Hugues, akavua kofia, akasema bila haraka.

"Papa Hugues, hii ni pombe ya Hervé. Sisi benye kumuzaa tunaileta kwa benye kuzaa Fabiola. Munywe, ama mukatae."

Kwa Bashi, watu wa kabila lao, jambo hilo halina utani. Baba wa msichana akikataa kasiksi hiyo, wageni wanarudi nayo. Akiinywa mbele ya watu, amefungua mlango, na kinachobaki ni kupatana ng'ombe wa mahari. Na nani alilijua hilo kuliko Papa Hugues? Ndiye aliyekuwa msemaji wa familia katika harusi za nusu ya Muhumba. Shemeji yake alipotaka kugeuka baada ya kunywa, ni yeye aliyesimama akamwaibisha mbele ya wakwe: pombe iliyoshuka tumboni haitapikwi kwa maneno.

Lakini aliyezoea kusema hasikii. Papa Hugues alikuwa amefika kwenye mkono wa kushoto wa yule kijana wa Kinshasa, na alikuwa na mengi ya kuusema mkono huo. Alisikia neno pombe, likamtosha. Akapunga mkono bila hata kugeuza shingo.

"Weka tu pale, Ignace."

Ignace akaiweka mezani, akaketi. Fabiola akamtazama baba yake, akamtazama Ignace, akarudi kwenye hesabu za simu. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema, na mwiba wenyewe ulikuwa hapo mezani, umefunikwa kwa jani.

Mchezo wa pili, nao bila Hervé, Kongo ikashinda. Papa Hugues akafyonza, akasema yule mwenyeji lazima alikuwa anaumwa tumbo. Sasa kila kitu kikabaki kwa mchezo wa wawili wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa Hervé.

Hapo dharau yake ikapanda ngazi ya mwisho. Akasema Hervé akianzisha mpira ni kama anaomba msamaha, akikaribia wavu anausalimia, na kijana mzima anayekimbiza kijipira kesho atamlisha mke nini. Hakumtazama binti yake aliposema hayo. Fabiola aliendelea kusoma hesabu kwa sauti ile ile.

Seti ya kwanza Hervé na mwenzake wakashinda. Baraza likapiga kelele. Tusidanganyane, Papa Hugues aliogopa. Mtu aliyetoka kupokea komunyo asubuhi ile alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwomba Mungu nchi yake ishindwe. Na Mungu, ambaye ana subira ya ajabu, akamsikiliza. Seti ya pili ikaenda kwa wenyeji. Ya tatu ikavutana, ikavutana, mpaka Fabiola akasoma mstari wa mwisho.

"Hervé amefanya double faute. Bimeisha."

Mipira yake miwili ya kuanzisha, service zote mbili, ilikuwa imetoka nje. Fabiola akalaza simu mapajani. Papa Hugues akainuka kama goti lake bovu la miaka yote limepona. Ilikuwa aibu kumtazama: watu wameinamisha vichwa, binti yake anafuta macho kwa kitenge, na yeye anasugua viganja. Chupa yake ya bia ilikuwa tupu, akataka kitu cha kunywa. Tangu mchana aliona hakuna aliyegusa kile kibuyu, akadhani wanadharau pombe ya kijijini, na kwa hilo akawaheshimu kidogo.

Ignace akasimama. Akamimina kwenye kikombe, akaonja kwanza yeye kama inavyopasa, akampa kwa mikono miwili.

"Kwa Hervé," akasema Papa Hugues. "Aende kulima viazi."

Akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo. Ignace alikuwa ameinama mbele yake, anapiga makofi ya taratibu na kusema koko, koko, shukrani ya Bashi.

Papa Hugues akauliza amekunywa nini. Ignace akayarudia maneno yake yale yale, hakuongeza hata moja. Papa Hugues akalitazama koti, akalitazama jani la mgomba, akaona safari hii mlango umemfungia yeye ndani. Akajaribu dirisha. Akasema hakunywa kwa ajili ya ndoa, alikunywa kwa furaha yake mwenyewe.

"Furaha ya nini?" akauliza Maman Sophie. "Sema, tusikie."

Watu wote wakamgeukia. Alihitaji kusema tu kwamba alifurahia Kongo kushindwa na mtoto wa watu kuaibika, angekuwa huru. Mdomo ule, ambao haukuwahi kukosa neno, ukafunguka na kubaki wazi.

Simu ikalia. Ilikuwa Hervé, na kilio chake kilisikika mpaka kiti cha mwisho. Aliomba msamaha, akasema amepoteza yote, akamwambia Fabiola asimngoje tena.

"Acha kulia," Fabiola akasema. "Papa alisha kunywa."

Huko mbali sauti ikauliza, amekunywa nini? Papa Hugues akarudi kwenye kiti chake polepole, goti lake likiwa bovu tena.

"Mwambie service yake iko mubaya," akasema, akanyoosha kikombe, na Ignace akamimina.