Gitaa Lisilosamehe

Vumbi lilisimama. Halikuanguka, halikupaa, lilisimama tu ndani ya mstari wa jua ulioingia kwa dirisha la duka, kana kwamba limeambiwa lingoje. Nyuma yake, ukutani, magitaa mawili yalining'inia ubavu kwa ubavu, na mwanamke aliyekuja kuchagua moja alisimama mbele yake muda mrefu bila kulishika lolote.

Watu walimwita Bi Chozi. Si kwamba alikuwa mtu wa kulialia. Aliyemwona akilia hajazaliwa. Jina lilitoka kwenye sauti moja, ile aliyoitoa kwa kidole cha mwisho, juu kabisa ya uzi mwembamba, kila wimbo wa taratibu ulipokaribia kwisha. Sauti inayopanda, inayotetemeka, inayokatika kabla hujaishiba. Maharusi wamelia kwa sauti hiyo. Waliofiwa wamelia. Mwenye ukumbi mmoja, mwanamume mkavu kama kisiki, alitoka nje akisingizia moshi wa sigara, na humo ndani hakuna aliyekuwa akivuta. Miaka ishirini na sita. Bendi nyingine zilitamba kwa waimbaji. Bendi yake ilikuwa na chozi.

Gitaa lake la zamani lilivunjika shingo wiki mbili kabla. Alikuwa akishuka nalo ngazi za ukumbi, mchana kweupe, ngazi kavu, akaliona likiondoka mkononi mwake. Halikuteleza. Liliondoka, kama mgeni anayeondoka bila kuaga, na vidole vyake vikalitazama likienda.

"Jasho," aliwaambia wenzake.

Wenzake wakasema pole, jasho adui mkubwa. Mdogo wake, seremala wa mchana na mpiga besi wa Jumamosi, aliinama. Akaokota vipande, ngazi baada ya ngazi.

Sasa fundi wa magitaa, ambaye ndiye mwenye duka, alitoka nyuma akijifuta gundi mikononi. Alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi wa gitaa uliokatika, na utani wake ulimtangulia popote alipokwenda.

"Bi Chozi! Leo umekuja kuoa?"

"Nimekuja kuposa tu. Ndoa tutaona."

"Basi mabinti wangu ndio hawa. Bei zao zimekaribiana kama pua na mdomo, si za kifalme, si za kutupwa. Kwa hiyo usisingizie bei. Chagua kwa masikio."

Yalikuwa na umbo moja, magitaa ya umeme yote mawili: kiuno kilichobanwa, na bega moja tu lililokatwa, pale mkono unapopenyea kwenda kutafuta sauti za juu. Lakini la kwanza lilikuwa la kahawia, zito, shingo nene ya kujaza kiganja. La pili lilikuwa jeusi, jepesi, shingo nyembamba, na baridi ukilishika, baridi ya kitu kisichokujua.

Fundi akachomeka waya kwenye amplifaya. Bi Chozi akaketi kwenye kigoda na kulipakata lile la kahawia.

Ah, lilikuwa na joto. Sauti yake ilitoka nene, ya duara, ikamfunika magoti, ikamfunika mabega, kama blanketi la mtu anayekupenda. Alipiga wimbo wa taratibu. Akapanda. Akafika pale juu, kidole cha mwisho kikatumwa, kikaenda, kikachelewa. Na ile sauti ikatoka nusu, ikafia chini ya blanketi.

Alisikia, akajifanya hakusikia.

"Hapa juu pana kitu," alisema. "Labda uzi umelegea."

"Labda," fundi akasema. "Jaribu lile jingine."

Jeusi halikuwa na blanketi. Lilipoguswa tu, kila kitu kikawa wazi: kucha ikikwaruza uzi, ngozi ikiachia chuma, pumzi yake mwenyewe. Alipiga wimbo uleule. Akapanda. Kidole kikaenda. Na badala ya sauti pakatoka mlio mdogo mkavu, tk, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Hili nalo lina kasoro," alisema. "Palepale."

Palepale. Neno lilitoka likakaa katikati ya chumba, wala halikutaka kuondoka.

Fundi alilichukua lile jeusi bila haraka. Akaweka kidole chake kinene chenye gundi pale juu, akagusa uzi. Sauti ikatoka safi, ndefu, bila doa. Akachukua la kahawia. Safi. Akayarudisha yote mawili ukutani, akayapangusa ingawa hayakuwa na cha kupanguswa, na aliposema hakumwangalia.

"Dada." Jina la utani alikuwa ameliweka kando. "Magitaa mawili kutoka viwanda viwili hayaugui ugonjwa mmoja."

"Umeanza udaktari lini?"

"Sijaanza. Ndiyo maana nakwambia uende kwa aliyeanza."

Bi Chozi alicheka. Kicheko kilikwenda kikarudi peke yake.

Maana alijua. Alijua tangu vifungo vya blauzi vilipoanza kumkataa asubuhi, tangu ganzi ilipokuja kama chungu mmoja kwenye ncha ya kidole, kisha wawili, kisha msafara. Alijua kwa sababu alikwisha kuiona. Mama yao alikuwa mshonaji, na mkono wake ulianza kufa kwa kidole hichohicho. Pindo zikaanza kwenda kombo. Mama akalaumu cherehani. Akaiuza, akanunua nyingine, nayo akailaumu. Kwa miaka miwili hakuna aliyethubutu kumwambia. Wateja waliisifu kazi yake mbele yake, kisha wakaipeleka kwa mshonaji wa mtaa wa pili kufumua na kushona upya. Mama aligundua siku alipoiona nguo ya bibi harusi ikipita barabarani, nguo yake mwenyewe, ikiwa na pindo la mtu mwingine. Alirudi ndani, akafunika cherehani kwa kitambaa, akakaa. Alikaa miaka kumi na mmoja, viganja vimetazama juu mapajani, kama anayengoja kupewa kitu.

Bi Chozi ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimlisha.

Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari alikuwa msichana wa umri wa kuwa mwanawe, mwenye sauti ya upole na pini mkononi.

"Fumba macho. Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia."

"Mama," daktari akasema taratibu, "hapo sikukugusa."

Yakafuata maelezo: mshipa wa fahamu unakauka kuanzia pembeni; dawa ipo ya kuupunguza mwendo, ya kuurudisha haipo; kidole hadi kidole, huenda ikawa miezi, huenda ikawa miaka. Daktari aliandika huku akieleza. "Unafanya kazi gani?"

"Napiga gitaa."

Kalamu ikasimama. Ilisimama sekunde mbili tu, kisha ikaendelea. Bi Chozi hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Siku ya tatu alirudi dukani. Fundi alimwona usoni, akaweka patasi chini, akafunga mlango ili mteja mwingine asiingie.

"Chukua la kahawia," alisema kabla ya kuulizwa. "Lina huruma. Ukikosea, linakufunika. Nitazishusha nyuzi zake zikae chini kabisa, na unaweza kupiga miaka miwili, mitatu, bila mtu kujua. Wewe mwenyewe unaweza usijue."

"Na jeusi?"

"Jeusi halisamehe. Litakusema mbele za watu."

Bi Chozi akayapakata tena, moja baada ya jingine. La kahawia likamkumbatia. Ndani ya joto lile alijisikia mzima, alijisikia kijana, na hapo hasa ndipo nywele zilipomsimama. Maana alimwona mama kwenye cherehani mpya, akinyonga gurudumu, akitabasamu, kitambaa kikimwendea kombo na mtaa mzima ukimpigia makofi. Akalipakata jeusi. Tk, likasema. Akajaribu tena. Tk. Halikumchukia wala halikumpenda. Lilimwambia tu.

"Nipe hili."

"Dada, unajitakia makubwa."

"Makubwa yameshanitaka yenyewe."

"Kwa nini, lakini? Nieleze nielewe."

Nje, mtu alipita akivuta mkokoteni, magurudumu yakalia, yakaenda.

"Kwa sababu inakuja," alisema. "Na mimi nataka kuisikia ikija."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alilibeba mgongoni hadi karakana ya mdogo wake, ambako bendi ilifanyia mazoezi kati ya vitanda visivyo na miguu na milango isiyo na nyumba. Mpiga ngoma na mwimbaji walikuwa bado hawajafika. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati, likasimamisha vijiti vya mwanga katika unga wa mbao.

Mdogo wake alilitazama gitaa, akalizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga ubao kujua kama ni mzima.

"Jeusi," alisema. "Nilidhani utachukua lenye joto."

"Nani alikwambia kulikuwa na lenye joto?"

Akainamia besi yake, akajifanya anakaza uzi. "Fundi ni rafiki yangu, Dada."

Wakaanza wimbo wa taratibu, wawili tu. Besi ikatembea chini kama mtu mzito anayepita chumba cha mgonjwa. Gitaa likatembea juu yake, wazi, kila hatua ikihesabika. Wakapanda. Wakakaribia. Bi Chozi alikaza meno. Kidole kikaenda, kikachelewa, gitaa likasema tk.

Na sauti ikatoka.

Ilitoka kamili, ikapanda, ikatetemeka, ikakatika kabla hajaishiba. Ilikuwa chozi lake hasa, ila kwa koo la kiume. Haikutoka kwenye gitaa. Ilitoka kwenye besi.

Akaacha kupiga. Mdogo wake naye akaacha, amechelewa kidogo, mkono wake ungali juu kabisa ya shingo ya besi, mahali ambapo mpiga besi hana shughuli ya kwenda. Mkono ulifika pale bila kutafuta. Ulikuwa unaijua njia.

Ndipo alipoelewa. Gitaa la zamani lilikuwa na sauti ya moshi. Ndani ya moshi ule huwezi kujua nani amesema nini. Leo hapakuwa na moshi.

"Tangu lini?"

"Dada, tuendelee. Wenzetu wanakuja."

"Nimekuuliza. Tangu lini?"

Mdogo wake alipangusa nyuzi kwa kiganja, ingawa zilikuwa safi. "Tangu ile harusi ya binti wa mwenye kiwanda cha mbao."

Miaka mitatu. Miaka mitatu ya maharusi na misiba, watu wakimshika mkono, wakimwambia umetuliza, umetuliza, na yeye akiinamisha kichwa kwa adabu kupokea machozi ya mtu mwingine. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama tulimwambia?"

"Na unakumbuka alivyokuja kujua?"

Mdogo wake alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, mabega ya kubebea magogo, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto aliyekatazwa kulia. "Niliogopa," alisema mwishowe. "Niliona inaanza palepale ilipoanza kwa mama. Nikasema, basi mimi nitakwenda pale kabla yake. Nitaikuta mlangoni."

Bi Chozi alinyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akamfuta unga wa mbao kwenye nyusi. Hakuwa na hasira. Alitafuta hasira akaikosa, akakuta hofu tu, na hofu ile ilikuwa ya watu wawili.

"Usinifunike tena."

"Watu watasikia, Dada."

"Wasikie. Na sisi tusikie. Ikifika pale, inua mkono, uache peupe."

Wakaanza upya. Walipokaribia pale juu, mdogo wake aliinua vidole kutoka kwenye nyuzi, akafumba macho. Tk. Kisha ukimya ukaingia ndani ya wimbo, mpana, ukaketi kama mwenye nyumba. Bi Chozi aliuacha ukae mapigo mawili, akarudi chini kwa vidole vitatu, akaumaliza wimbo.

"Tena," alisema.

Wakapiga tena. Wakapiga na mara ya tatu, na ukimya ulikuwa mahali pake, na wimbo ukaanza kuuzoea.

Mara ya nne, kabla hata hawajapanda, kwenye sehemu rahisi, sehemu ambayo mtoto angeipiga, kidole cha pete kilichelewa. Kidogo tu. Unene wa unywele. Jeusi likasema.

Hakuna aliyeacha kupiga. Wimbo ulikwenda hadi mwisho wake, na uzi wa mwisho ukatetemeka, ukatulia.

"Umesikia?" Bi Chozi akauliza.

Mdogo wake alikuwa akiangalia sakafu. Akainua macho, akamtazama dada yake usoni.

"Nimesikia, Dada."