Kufunga Bomba

Fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki la hosteli ya kanisa, spana mkononi, akikilaani kimoyomoyo kiungo cha plastiki kilichopanda bei tangu juzi na bado kinavuja. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa akaja kusimama karibu na miguu yake.

"Ukimaliza hapo, kafunge lile bomba la nje," alisema. "Diwani anakuja Jumapili."

Bomba la nje lilikuwa kwenye ukuta wa kanisa, upande wa barabara. Tangu nyumba za jirani zibomolewe kupisha barabara mpya, wenye nyumba walikuwa wakilala chini ya maturubai ng'ambo ya pili, na maji yao yote yalitoka pale. Ubomoaji aliusimamia diwani huyohuyo. Sasa alikuwa ameliahidi kanisa mabati, na hakutaka kukuta foleni ya ndoo mlangoni.

Fundi alijivuta kutoka chini ya sinki, akauliza wale watu watakunywa nini. Mwenyekiti akamjibu kwamba nusu yao si wa dini yetu, wengine hata uraia hawana, na wale mabinti wenye watoto wasio na baba kila mtu anawajua.

"Na hayo mambo yako ya kisasa yaache nyumbani kwako. Kazi ya hosteli bado ni kubwa. Au huitaki?"

Hapo ndipo palipouma. Hosteli ndiyo iliyokuwa ikiwasha jiko lake, na mkewe alikwisha kuwaahidi walimu kuwa karo inakuja. Lakini fundi, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na ugonjwa mbaya wa kufikiri. Alishawahi kumtetea binti mjamzito aliyeondolewa kwenye kwaya. Alisema kikaoni kwamba madhabahu si jukwaa la diwani, na kwamba serikali inayomvunjia mtu nyumba bila kumpa nyingine isiombewe tu, iulizwe. Wenzake wakambatiza Mpinzani. Walipodai kwamba mambo hayo kayaokota redioni, aliwaambia kayatoa kwenye Biblia ileile wanayoikalia wao.

Akabeba mfuko wake, akatoka. Jua lilikuwa linachoma na foleni ilikuwa imefika kwenye kona. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwona, akakinga kikombe bombani, akamnyooshea.

"Kunywa, baba. Umetoka jasho."

Kanisa lilikuwa katika wiki ya mfungo, na tangu alfajiri fundi hakuwa ametia hata tone kinywani.

"Asante, mama. Nimefunga."

Uso wa yule mama ukabadilika palepale. Alikiangusha kikombe, akaisukuma ndoo yake chini ya bomba, na nyuma yake neno likaruka kutoka mdomo hadi mdomo kwamba fundi kafunga maji huko ndani, jazeni upesi. Ndoo ziligongana, mzee mmoja akapepesuka. Fundi alipaza sauti mpaka ikamkauka akiwaeleza kwamba amefunga kula na kunywa, bomba hajaligusa. Hatimaye wakacheka. Mama naye akacheka, ila hakuiondoa ndoo yake chini ya bomba, na fundi hakuweza kucheka nao.

Akakaa juu ya mfuko wake, akawaza. Maisha yake yote watu walimwita aende kuwafungia bomba, na hakuna hata mmoja aliyemwita ili akose maji. Kwa fundi, kufunga bomba ni kuliweka pale ambapo halikuwepo.

Ndani ya mfuko mlikuwa na koki mpya, aliyoinunua kwa ajili ya jiko la nyumbani. Mkewe alikuwa ameingoja muda mrefu, na atakuwa na la kusema. Fundi alizima koki kuu, akakata bomba, akaunga kiungo, akazungusha utepe mweupe kwenye nyuzi za koki mpya, akaikaza kando ya ile ya zamani. Alipofungulia tena, maji yalitoka sehemu mbili na foleni ikagawanyika.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mwenyekiti alipotokea. Alitazama koki ya kwanza, akatazama ya pili.

"Nilikwambia ufunge bomba."

"Nimefunga, Mwenyekiti."

"Usinichezee. Kanisa zima limefunga wiki hii kwa ajili ya wenye shida, wewe unaleta mzaha?"

"Sisi tumefunga kwa hiari. Hawa mnataka kuwafungisha kwa nguvu."

Mwenyekiti alinyoosha mkono, akadai funguo za hosteli. Akasema kesho atakuja fundi mwingine mwenye adabu. Fundi alimpa funguo bila ubishi, ingawa karo ilikuwa bado haijalipwa.

"Huyo mwingine mwambie vizuri," alisema. "Usimwambie afunge. Mwambie ang'oe. Litamke hapa hapa, na hawa wasikie."

Mwenyekiti aliwatazama wale wanawake na ndoo zao. Kisha akageuka, akaondoka na funguo zake.

Kesho Mwenyekiti angeweza kulitamka neno hilo ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na fundi alilijua hilo. Muda wa kufungua mfungo ulikuwa umewadia na koo lilikuwa limemkauka. Yule mama alimwita mbele akanywe kwanza. Fundi alikataa, akaokota kikombe cha mama pale kilipoangukia, akaenda kujipanga mwisho wa foleni.