Mstari wa Chaki Mlangoni

Nilikuwa nimekunja magoti ndani ya suruali ya mazoezi, ile pana inayoweza kuficha mbuzi na mwanawe, nimebana pumzi, najifanya mtu wa kimo cha kawaida. Kocha akaniwekea rula ya mbao kichwani. Nyuma yangu, kwenye fremu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, ulikuwepo mstari wake wa chaki. Aliyeupita alicheza chini ya kikapu: kuzuia, kudaka, kusukumana kwa mabavu. Asiyeufikia ndiye aliyepewa mpira aupandishe uwanja na kuwagawia wenzake.

"Mlingoti," kocha akasema, "jana ulikuwa mrefu."

"Uchovu, kocha. Unamla mtu."

Akashika suruali yangu kwa ncha za vidole, akaipandisha mpaka magoti yakaumbuka. Wenzangu walicheka hadi wakaegemeana.

"Chini ya kikapu," akasema. "Na siku nikikuona unadunda mpira katikati ya uwanja, begi lako utalikuta getini."

Hakuwa mtu wa mzaha, na ile ilikuwa timu ya kulipwa. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Lakini kudunda mpira nilikujua kabla sijawa mrefu. Nilijifunzia koridoni kwa mama, kati ya ndoo na viatu vya watu, mama akifoka, "We mtoto, hiyo sakafu imekukosea nini?" Kisha mwili ukaamua kwenda juu bila kuniuliza. Mikono haikusahau kitu. Sasa nisimamishwe pale kama nguzo ya umeme, nisubiri wengine wafikiri? Thubutu!

Mpira alipewa Kidonge, rafiki yangu, aliyeitwa hivyo kwa udogo na uchungu wake. Alikuwa na mbio za panya aliyeona paka. Ila kwenye mechi ya kumpata bingwa wapinzani walishamsoma. Kila akivuka nusu ya uwanja, wawili walimkabili mikono juu, wakamfanyia ukuta. Mimi huku chini napunga mikono, mpira haufiki. Jimama lao, refu kuliko mimi, limenigandia mgongoni linanipumulia shingoni.

Tukaachwa nyuma. Mwishoni mwishoni, refa alipotoa mpira wa pembeni, Kidonge akanikimbilia.

"Dada, njoo uuchukue wewe. Mimi nikiinua macho naona makwapa tu."

Nikatazama benchi. Kocha alishajua, alikuwa anatikisa kichwa. Nikampungia mkono kama mtu anayesafiri, nikaenda kuupokea mpira.

"Rudi chini ya kikapu!"

Nikadunda.

"Mlingoti! Begi lako!"

Nikadunda tena, polepole, kwa raha zangu. Jimama lilikuwa limeambiwa lisiniache, basi likanifuata huko nje, mbali na kikapu, linahema. Nikauona uwanja wote juu ya vichwa vya watu. Na kule chini, palipokuwa na jimama, palikuwa peupe kama ua lililofagiliwa. Kidonge akachomoka. Nikaurusha mpira mahali ambapo alikuwa bado hajafika. Akafika.

Tulifanya vilevile mpaka filimbi ya mwisho, na kombe likawa letu.

Chumbani kila mtu anaimba, kocha kanijia na uso wa mtu aliyemeza ndimu. "Umenivunjia utaratibu."

"Ndiyo, kocha. Na mechi ijayo nitauvunja tena."

Begi sikulikuta getini. Mechi iliyofuata alinikalisha benchi, tukafungwa. Baada ya hapo akanitupia mpira, macho yakiwa ukutani: "Anza wewe." Mstari hakuufuta. Mimi nikawa nainama kidogo mlangoni, napita chini yake na mpira kwapani.

Juzi, na uzee wangu huu, nilikwenda kupimwa miguu. Nesi akanisimamisha ukutani, akanishushia kibao kichwani, akakunja uso.

"Bibi, umepungua kimo. Hebu nyoosha magoti."

"Yamenyooka, mwanangu. Safari hii ni kweli."

Hakuelewa nilichochekea. Nilivaa viatu nikatoka, na mlangoni niliinama, kwa mazoea tu. Kwa kimo hiki cha sasa, kocha angenipa mpira bila hata kufungua mdomo. Ningemwambia auweke chini, nitauokota mwenyewe.